Sotoka ilikwisha, kupe angali na sisi

Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi sana Afrika Mashariki. Chanjo ya Walter Plowright, iliyotengenezwa Muguga, Kenya, ilisaidia sana kuimaliza, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa haina tena sotoka.

Homa ya kupe haijaondoka. Kinga yake ya zamani ni kuogesha ng'ombe dawa mara kwa mara. Lakini nani ataogesha na risasi zinalia? Kupe hangoji usalama.

Ninyi mliokimbia Beni na Lubero na ng'ombe wachache waliobaki, ambao ndio minervali ya watoto: kabla ya kuwachanganya na wa wenyeji, watoeni kupe masikioni. Ndama akivimba tezi chini ya sikio na kupumua kwa shida, mwiteni veterineri siku hiyohiyo.