Mtawanyiko chochewa: nuru inapozaa sauti ndani ya faiba

Faiba ya mtandao wa taifa la Kenya, NOFBI, imefika Kisii na Nyamira. Fundi anayeiunga huvua ganda la plastiki, hufuta uzi kwa spiriti, huukata ncha ikawa sawa, kisha huuchomelea mashineni. Uzi wenyewe ni kioo chenye unene wa maikromita 125, na kiini kinachopitisha nuru hakizidi sana maikromita 9. Humo ndimo istilahi yetu ilimo.

Mwaka 1922 Mfaransa Léon Brillouin alieleza kwamba nuru ikikutana na wimbi la sauti ndani ya kitu, sehemu yake hutawanyika, na masafa yake hubadilika kidogo. Huo ndio mtawanyiko wa Brillouin. Sauti inayosemwa hapa hakuna sikio linaloisikia: ni mtetemo wa kioo chenyewe, mara bilioni 11 hivi kwa sekunde, kwa nuru ya nanomita 1550 inayotumika sana kwenye mawasiliano. Mtetemo huo haukosi, kwa kuwa kioo kina joto.

Nuru ikiongezwa nguvu kupita kiwango fulani, haingoji tena sauti iliyopo. Nuru inayokwenda na inayorudi zikipishana, kioo hubanwa penye mwanga mkali. Mbano huo hukuza wimbi la sauti, wimbi hurudisha nuru zaidi, na nuru hiyo huzidi kulikuza wimbi. Jambo hili lilionekana katika fuwele mwaka 1964, na katika faiba mwaka 1972. Kwa wahandisi wa mawasiliano ni kero kubwa, maana nuru waliyoituma mbele huwarudia.

Hali hii naiita mtawanyiko chochewa wa Brillouin, kwa mfano wa istilahi ya sarufi, kauli tendwa. Mtu angeweza kupendelea "uliosisimuliwa", lakini msisimko tayari una kazi katika fizikia: ni atomu iliyopandishwa ngazi ya nishati. Hapa atomu haikupandishwa popote; nuru imechochea sauti, na sauti imeichochea nuru. Kitenzi kinachobeba kuchocheana huko ndicho kinachotufaa.

Na faida yake? Nyuzi za obokano, kinubi cha Wagusii, zikikazwa, sauti hupanda. Faiba nayo ikivutwa, masafa ya Brillouin, yaani ya ule mtetemo wa kioo, hupanda: mita moja ikirefuka kwa milimita moja, ongezeko ni megahezi 50 hivi. Nuru hukimbia ndani ya kioo kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo muda wa kurudi kwake hueleza mvuto uko umbali gani. Kifaa cha kawaida cha fundi husoma nuru inayorudi bila kubadili masafa, na kueleza faiba imekatika wapi. Cha Brillouin hueleza inavutwa wapi kabla haijakatika.

Kwa nchi ya miinuko na mvua nyingi kama Gusii, yaani Kisii na Nyamira, hilo si jambo la maabara tu. Faiba iliyofukiwa kwenye mteremko wa Manga ingeweza kuonyesha udongo unaosogea wakati ufa haujaonekana juu. Sharti uwekwe na uzi wa pili, uliolegea ndani ya bomba usivutwe na udongo, kwa sababu joto likipanda digrii moja ya Selsiasi nalo huongeza takriban megahezi moja, na ongezeko hilo lazima litolewe kwenye hesabu.