Molo na Safari ya Ziwani: Majina na Maneno Yaliyobaki Njiani

Habari za miji midogo inayotembelewa na abiria wa meli kwa saa chache huandikwa zaidi juu ya Lamu, Mombasa na Unguja. Bara nayo ina historia yake ya namna hiyo, na sehemu ya historia hiyo ilipitia Molo, mji ulio mbali na maji, juu katika nyanda za Mau.

Reli iliyoanzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Viktoria Desemba 1901. Aliyetaka kwenda Uganda alipanda garimoshi, akapita Nakuru, Njoro, Elburgon na Molo, akavuka kilele cha Mau kwenye baridi kali, ndipo akateremka bandarini Kisumu kuingia katika stima. Stima zilihudumia bandari za Entebbe, Port Bell, Jinja, Bukoba na Mwanza. Mizigo ilipokuwa ikipakuliwa gatini, msafiri wa matembezi alipata nafasi ya kushuka na kuutazama mji.

Alichokiacha msafiri huyo ni majina zaidi kuliko kitu kingine. Huko Jinja wageni walikwenda kuona maporomoko ambayo Speke, mwaka 1862, aliyaita Ripon, kwa heshima ya mkubwa mmoja wa Uingereza. Bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954 liliyazamisha, na jina likakosa mwenyewe. Jinja, jina la wenyeji lenye maana ya jiwe, lipo. Bandari ya Kisumu nayo iliitwa Port Florence. Jina hilo halikudumu. Port Bell limedumu, kwa hiyo si haki kusema kwamba kila jina la mgeni hufa.

Maneno yana habari nyingine. Hayo hayakuenezwa na watazamaji bali na wapakizi, mafundi, wapishi na makarani, watu waliokaa stesheni miaka mingi na ambao vitabu vya safari huwataja kwa nadra, tena bila majina. Neno stima ni mfano mzuri. Katika Kiswahili cha zamani lilikuwa chombo cha majini kiendeshwacho kwa mvuke. Nchini Kenya maana yake ya kawaida sasa ni umeme. Inaelekea fikra ya nguvu iendeshayo mtambo ndiyo iliyolivusha neno kutoka maana moja hadi nyingine. Mkazi wa Molo asemapo kwamba stima imepotea, hana meli akilini.

Mwaka 1931 reli iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret ilifika Kampala. Tangu hapo msafiri wa Uganda hakulazimika tena kuvuka ziwa, wala kupanda Mau kwa njia ya Molo. Stesheni ikabaki kwenye tawi la Kisumu, katika nchi ya pareto, viazi na kondoo.