Uzio, Ukuta na Jirani: Historia Fupi ya Mipaka ya Nyumba Zetu

Mwezi uliopita fundi alikuja nyumbani kwangu kupima upande wa mbele wa kiwanja. Nilikuwa nimeamua kubomoa sehemu ya ukuta wa matofali inayotazama barabara na kuweka mahali pake uzio wa aluminiamu, ule wa vibao vyembamba vinavyopangwa kimoja juu ya kingine kati ya nguzo na nguzo. Alipomaliza kupima aliniuliza swali ambalo kwake lilikuwa la kawaida kabisa: "Mwalimu, kati ya kibao na kibao tuache nafasi kiasi gani?" Nilimwomba anipe siku mbili. Alinitazama kwa mshangao, kwani wateja wengi hujibu papo hapo kwamba vibao vibanwe kadiri iwezekanavyo, mpita njia asione ndani.

Sikuwa na jibu kwa sababu swali lile halikuwa la ufundi peke yake. Nafasi kati ya kibao na kibao ni kipimo cha kile ambacho mwenye nyumba yuko tayari kumwonyesha jirani, na cha kile ambacho yuko tayari kukiona. Jamii zetu zimekuwa zikijibu swali hilo kwa karne nyingi, na majibu yake yamebadilika kila mamlaka, uchumi na hofu vilipobadilika.

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya mipaka ya nyumba: ua, uzio, wigo, kitalu, boma. Kina pia neno baraza, ambalo kwa asili ni kile kiti cha mawe au udongo kilichojengwa nje ya nyumba, ukutani, ambapo wenyeji na wapita njia huketi na kuzungumza. Kutokana na kiti hicho tulipata Baraza la Mawaziri, Baraza la Madiwani na Baraza la Ardhi. Taasisi zetu za kutafakari mambo ya umma zimebeba jina la mahali palipo nje ya mlango wa nyumba ya mtu, pasipo na uzio wowote.

Hili halina maana kwamba wahenga wetu hawakujua kuta. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yana ukuta wa nje na ukuta wa ndani, na mji huo uliachwa kufikia karne ya 17. Nyumba za mawe za Lamu zilificha maisha ya familia kwa ustadi mkubwa. Lakini nyumba hizohizo zilikuwa na daka, kijisebule cha mlangoni chenye viti vya mawe pande zote mbili, ambapo mgeni alipokelewa bila kuingia ndani na bila kuachwa barabarani. Faragha ilikuwapo, na ukarimu ulikuwapo, na kila kimoja kilipewa mahali pake katika mchoro wa nyumba.

Bara hali ilikuwa nyingine, ingawa busara yake ilifanana. Wachaga walitenga vihamba vyao kwa masale, mmea ambao jani lake hutumika pia kuomba msamaha na kupatanisha waliogombana. Mmea wa mpaka ndio ulikuwa mmea wa suluhu. Wafugaji walizungushia makazi yao miiba ili kuzuia wanyama wakali, na jina la Manyara huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai la mnyaa, mmea wa utomvu mweupe unaopandwa kuzunguka boma. Mkoa mzima wa nchi yetu umebeba jina la uzio ulio hai.

Mwaka 1755 Jean-Jacques Rousseau alihusisha mwanzo wa jamii yenye dola na sheria na mtu wa kwanza aliyezungushia ardhi uzio akadai ni yake. Masale yanatufundisha tusimfuate Rousseau moja kwa moja. Kuna uzio unaotambua haki ya mtu bila kumfukuza mwingine. Hata hivyo, alikuwa akiishi katika Ulaya ambako uzio wa aina nyingine ulikuwa ukifanya kazi yake. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia uzio mashamba na malisho yaliyokuwa yakitumiwa kwa pamoja, jumla ya ekari milioni 6.8, zaidi ya sehemu moja ya tano ya ardhi ya England. Wanakijiji wengi waliopoteza malisho hayo waligeuka vibarua.

Mwaka 1874 Joseph Glidden wa Illinois, Marekani, alipata hataza ya aina ya seng'enge iliyokuja kuenea duniani. Ilikusudiwa kuzuia ng'ombe. Haikuchukua muda kabla ya kutumika kuzuia watu. Katika vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899 hadi 1902 ilitandazwa nchini Afrika Kusini kwa maelfu ya kilomita. Nchini Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau, zaidi ya watu milioni moja waliondolewa katika makazi yao na kuingizwa katika vijiji vya kulazimishwa, vingi vikiwa vimezungushiwa mitaro na seng'enge. Neno boma nalo lilikuwa limeshatekwa: zizi la ng'ombe na makazi ya ukoo likawa jina la ofisi ya mkuu wa wilaya wa kikoloni.

Jijini Dar es Salaam ukoloni ulitumia mbinu tulivu zaidi. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1914 ziliugawa mji katika kanda tatu kwa kigezo cha ubora wa majengo. Rangi ya mtu haikuhitaji kutajwa, kwa kuwa gharama ya jengo ilitosha kumchuja. Waingereza waliendeleza mgawanyo huo, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo kwa hoja ya afya ya umma. Ndiyo maana nyumba za Uzunguni hazikuhitaji kuta ndefu. Sheria, umbali na polisi vilikuwa ukuta wa kutosha, na ua wa michongoma ulibaki kuwa pambo.

Upande wa pili, Kariakoo na baadaye Magomeni, ilistawi nyumba ya Kiswahili: vyumba sita vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja mrefu, ua wa nyuma wenye jiko na choo, na kibaraza mbele. Ua ulikuwa wa wapangaji wote, na kibaraza kilikuwa cha mtaa. TANU ilipoanzisha mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi katikati ya miaka ya 1960, ilijenga juu ya msingi huo. Mfumo ule una kasoro zake, na wapo walioonja upande wake wa upelelezi. Lakini ulidhani jambo moja muhimu: kwamba nyumba kumi zinaonana.

Leo haziionani. Tangu mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, mwenye uwezo amejenga ukuta, na mwenye uwezo zaidi ameuongezea tofali tatu, vipande vya chupa na waya wa umeme. Milipuko ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998 iliwapa wakubwa sababu mpya ya kujizungushia, na mtindo wa balozi ukashuka hadi kwa watumishi wa kawaida. Mtaa wangu ni mfano. Ukitembea humo saa sita mchana, unatembea katika korido ya simenti.

Sikuwa nikiliona hili kuwa tatizo hadi mwaka jana. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mzee mstaafu, aliteleza karibu na bomba uani kwake majira ya saa nne asubuhi, akavunjika nyonga. Watoto wake walikuwa kazini, na dada wa kazi alikuwa sokoni, kisha akapitia kwao. Mzee alilala pale hadi saa tisa alasiri, mjukuu wake aliporudi kutoka shule. Siku ile mimi nilikuwa nyumbani, nimeketi mbele ya mlango wangu nikisahihisha mitihani. Kati yetu palikuwa na mita zisizozidi ishirini na kuta mbili: wake na wangu. Nilipokwenda kumjulia hali hospitalini hakunilaumu. Alisema tu kwamba alikuwa akisikia watu wakipita.

Sasa nirudi kwenye aluminiamu, kwani nayo ina historia yake. Hans Christian Ørsted wa Denmark aliipata kwa mara ya kwanza mwaka 1825, na kwa miongo mingi ilikuwa metali ya thamani kubwa. Ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1884 kuwa ncha ya mnara wa kumbukumbu ya George Washington. Miaka miwili baadaye vijana wawili wasiojuana, Charles Hall nchini Marekani na Paul Héroult nchini Ufaransa, waligundua njia ya kuizalisha kwa umeme, na bei yake ikaporomoka. Metali ya heshima ikawa sufuria ya kupikia ugali.

Lakini umeme huo hutoka mahali fulani. Kwame Nkrumah alijenga bwawa la Akosombo kwa matumaini kwamba Ghana ingechimba boksiti yake, kuisafisha na kuiyeyusha yenyewe. Kampuni za Marekani zilizomiliki kiwanda cha Tema zilipendelea kuagiza malighafi iliyokwisha kusafishwa kutoka nje. Ghana ikatoa umeme wa bei nafuu, na watu wapatao 80,000 wakahamishwa kupisha ziwa Volta. Bwawa lilizinduliwa Januari 1966, na Nkrumah akapinduliwa mwezi uliofuata. Guinea, yenye akiba kubwa kuliko zote duniani ya boksiti, hadi leo huisafirisha kwa wingi ikiwa ghafi. Anayeweka uzio wa aluminiamu ajue kwamba huenda ananunua udongo wa Afrika uliozunguka dunia nzima kabla ya kurudi.

Pamoja na hayo, metali hii inaufaa mwambao wetu. Uzito wake ni takriban theluthi moja ya ule wa chuma, na hewa ya chumvi haiili kwa kutu, kwa sababu hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba mgumu. Inahitaji uangalifu hata hivyo. Simenti mbichi huishambulia, hivyo fundi wangu alipaka kinga sehemu ya nguzo inayogusa zege. Skrubu za chuma cha kawaida huiharibu zinapokutana nayo penye unyevu, hivyo tulitumia za chuma kisichoshika kutu. Upepo hupita kati ya vibao badala ya kuusukuma uzio. Na mtu aliye nje, akitaka, anaweza kujua kama aliye ndani amesimama au ameanguka.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza ni wizi. Wezi wapo, na sitawacheka mama wajane wanaolala kwa amani nyuma ya ukuta mrefu. Ninachouliza ni kama ukuta unamzuia mwizi kuingia kuliko unavyomsitiri akishaingia. Jane Jacobs alieleza tangu 1961, akiandika kuhusu miji ya Marekani, kwamba usalama wa mtaa hutokana kwanza na macho ya wakazi wake. Pingamizi la pili ni zito zaidi: uzio wa aluminiamu ni anasa ya tabaka letu, na hauondoi umaskini unaotufanya tuogopane. Hilo ni kweli. Methali yetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumeifuata neno kwa neno. Ufa wa kipato uliopanuka kwa miongo mitatu hatukuuziba, tukajenga ukuta.

Kwa hiyo neno langu kwa watumishi wa halmashauri na wa mipango miji ni hili. Mnapoidhinisha michoro ya nyumba, ukuta wa mbele si jambo la mwenye kiwanja peke yake. Uso wake wa nje ni samani ya barabara ya umma. Mnaweza kuhimiza sehemu yake ya juu ionyeshe, mnaweza kuuliza mpita njia atapata wapi kivuli, na mnaweza kuanza na majengo ya Serikali yenyewe. Kwa wanafunzi na wanaharakati: mnapodai nafasi ya kiraia, hesabuni pia nafasi halisi, ile ya kuketi, katika mitaa mnayoishi.

Baada ya siku mbili nilimpa fundi jibu. Chini, hadi usawa wa kiuno, vibao vikaribiane, kuku wa jirani wasiingie. Kuanzia hapo kwenda juu tuache nafasi ya vidole vinne. Matofali yaliyobomolewa asiyatupe. Ayatumie kujenga kibaraza upande wa nje, chini ya mwarobaini, ndani ya mpaka wangu.

Aliniuliza nani atakaa pale. Nikamwonyesha nyumba ya ng'ambo. Mzee ameanza kutembea kwa fimbo, na daktari amemshauri asikae ndani siku nzima. Jumamosi iliyopita alivuka barabara taratibu, akaketi, akagonga kibao cha juu kwa fimbo yake na kuniambia kwamba rangi niliyochagua si nzuri.