Machozi ya Simba

Mnamo mwaka 1984 Ann Noble, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California, alitunga gurudumu la harufu za mvinyo, akatia ndani yake, sambamba na waridi na asali, lami, mbwa aliyerowa na mafuta ya taa. Na waonjaji wa Ulaya na Marekani, ambao tangu zamani huusifu mvinyo kwa nasaba na adabu zake kama bwana aliyekuja kuposa, huweza kunusa bilauri, wakafumba macho, wakatamka kwa taadhima kwamba humo mna mafuta ya taa, wala hapana achekaye.

Wazee wa Pumwani, jijini Nairobi, wangecheka. Mapema katika miaka ya 1920, serikali ya mji ilipoutenga mtaa huo kwa ajili ya Waafrika, ilijitwalia pia haki ya pekee ya kuwauzia pombe ya nafaka katika kilabu chake, hata mama aliyepika chumbani mwake akawa mhalifu, si kwa kuwa pombe ni haramu, bali kwa kuwa yake ilishindana na ya wakubwa. Busaa hiyo, ya unga wa mahindi uliovundikwa, ukakaangwa, ukatiwa kimea, ilisifiwa kwa maneno ya jikoni tu: imeiva, imechachuka, ni ya jana.

Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ndiyo iliyozaa washairi. Kwa kuwa ilipikwa kwa kificho kando ya mto Mathare, hata kabla ya kutungiwa sheria yake ya marufuku mwaka 1980, haikupata wasaa wa kukaa ulimini ikaonjwa. Ilimezwa kabla askari hajabisha hodi, na kwa hiyo wasifu wake ukaacha ladha ukashika athari. Ndipo ikaitwa Machozi ya Simba, na kwa Kiingereza Kill Me Quick, lakabu ambayo Meja Mwangi aliipa riwaya yake ya 1973.

Lakini mwezi Novemba 2000 pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 katika vitongoji vya Nairobi, na jina lake lilikuwa Kumi Kumi, yaani bei ya glasi, basi. Sheria ya 2010 iliihalalisha chang'aa kwa sharti kwamba chupa ibandikwe onyo. Nasi twamaizi sasa kwamba mitaa ilikuwa ikiandika onyo hilo kwa mdomo siku zote, kwani Machozi ya Simba, kwa mzaha wake wote, angalau ilimwarifu mnywaji kwamba simba yumo.