Bendera Inaposhuka: Tunasimama kwa Heshima au kwa Hofu?

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikipita mbele ya kituo kimoja cha polisi, saa kumi na mbili jioni. Filimbi ikalia. Sisi tuliokuwa karibu tukasimama pale pale, kila mtu na mzigo wake. Mama mmoja mtu mzima, mwenye tenga la ndizi kichwani, hakusikia au hakuelewa, akaendelea na safari yake. Askari kijana alimfuata, akamrudisha, akamwamuru apige magoti juu ya changarawe mpaka bendera ilipokwisha kushushwa na kukunjwa. Hakuna aliyesema neno. Nami, mwalimu wa chuo kikuu, sikusema neno.

Wiki ile niliwauliza wanafunzi wangu darasani: kwa nini tunasimama bendera inaposhushwa? Jibu la kwanza, tena lililotolewa bila kusita, lilikuwa hili: "Ukitembea utakamatwa." Nilisubiri jibu la pili. Halikuja.

Makala haya ni jaribio la kulitafuta jibu hilo la pili. Ili kulipata, ni lazima turudi nyuma, kwa sababu taratibu za bendera hazikuzaliwa maofisini. Zilizaliwa vitani.

Katika majeshi ya Ulaya ya zamani, bendera ya kikosi ilikuwa chombo cha kazi. Baruti ilijaza uwanja moshi, amri hazikusikika kwa kishindo cha mizinga, na askari aliyepotea alitazama juu kuitafuta bendera ili ajue wenzake wako wapi. Kwa hiyo ilibebwa na afisa kijana, ikazungukwa na masajini waliochaguliwa kwa ushujaa, maana adui naye aliitafuta. Mwaka 1813 Waingereza waliunda cheo maalumu cha sajini wa bendera. Mpangilio huo tunauona hadi leo katika magwaride yetu: mbeba bendera katikati, walinzi wenye singe pembeni, mwendo wa pole, na kikosi kizima kikitoa heshima inapopita.

Thamani ya kitambaa hicho ilipimwa kwa damu. Tarehe 22 Januari 1879, Wazulu walipolivunja jeshi la Waingereza huko Isandlwana, maafisa wawili, Melvill na Coghill, waliuawa katika jitihada za kuiokoa bendera ya Malkia. Baadaye ilikutwa mtoni. Miaka miwili tu baada ya hapo, Januari 1881, huko huko Afrika Kusini, kikosi cha Uingereza kilibeba bendera yake vitani kwa mara ya mwisho, katika mapigano ya Laing's Nek. Bunduki za masafa marefu zilikuwa zimeifanya bendera kuwa shabaha rahisi mno. Ikaondolewa kwenye uwanja wa vita, ikabaki kwenye uwanja wa gwaride. Kilichokuwa mbinu ya kivita kikageuka ibada ya dola.

Ibada hiyo ndiyo iliyoletwa kwetu. Lugha yenyewe inatukumbusha kwamba bendera ilikuja na wenye merikebu, kwa maana neno hili tumelirithi kutoka kwa Wareno. Lakini tukio linalofundisha zaidi ni la Pangani, Agosti 1888. Aprili ya mwaka huo, Sultani Khalifa wa Zanzibar alikuwa ameikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki usimamizi wa miji ya pwani. Mkataba ulisema kampuni ingetawala kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Wakala wa kampuni mjini Pangani, Emil von Zelewski, hakuridhika. Alitaka bendera ya kampuni nayo ipandishwe. Liwali Abdulgawi alikataa. Mabaharia wenye silaha wakashushwa kutoka manowari ya Kijerumani ili kumaliza ubishi.

Watu wa Pangani hawakuhitaji mtaalamu wa sheria awafafanulie maana ya mlingoti wa pili. Walielewa kwamba anayepandisha bendera anatangaza nani atatoza ushuru, nani atahukumu, na nani atapigwa viboko. Mfarakano ule ulikuwa miongoni mwa cheche zilizowasha vita vya pwani vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim, aliyenyongwa hapo hapo Pangani Desemba 1889. Zelewski naye hakuishi sana. Tarehe 17 Agosti 1891, akiwa kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliuawa na mashujaa wa Mkwawa mahali panapoitwa Lugalo, katika nchi ya Wahehe. Naomba msomaji alishike jina hilo, maana tutalirudia.

Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka sabini, bendera ilipandishwa alfajiri na kushushwa jioni katika kila boma, kwanza ya Wajerumani na kisha ya Waingereza. Aliyepita alisimama. Hakusimama kama mwananchi, kwa sababu hakuwa mwananchi, alikuwa mtawaliwa. Kusimama kwake kulikuwa ni kukiri kwamba ameshindwa.

Ndiyo maana usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 una uzito wake. Katika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, mbele ya Mwalimu Nyerere, Gavana Turnbull na Mwanamfalme Philip aliyemwakilisha Malkia, taa zilizimwa ilipokaribia saa sita usiku. Gizani, bendera ya Uingereza ikashuka. Taa zilipowaka, bendera ya Tanganyika, kijani, nyeusi na dhahabu, ilikuwa juu. Katika saa hizo hizo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni mwa Kilimanjaro, akisimika bendera na mwenge mahali palipoitwa kwa jina la mfalme wa Ujerumani na ambapo sasa tunapaita Uhuru. Miaka miwili baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, Wakenya nao walizimiwa taa jijini Nairobi.

Giza lile halikuwa bahati mbaya. Utaratibu wa bendera unaruhusu kushusha ya zamani mchana kweupe, huku wote wakiona. Lakini dola inayoondoka haikupenda kutazamwa ikishuka. Nchini India, mwaka 1947, Nehru alikubali kwamba bendera ya Uingereza isishushwe hadharani siku ya uhuru, ili Waingereza wasijisikie kudhalilishwa. Kwetu giza lilifanya kazi hiyo hiyo. Tulionyeshwa kupanda kwa yetu. Tukafichiwa kushuka kwa yao. Ninaamini kwamba pamoja na bendera ile, mambo mengine pia yalipita gizani bila kukaguliwa.

Ushahidi wa hilo ulikuja mapema. Askari waliotoa heshima kwa bendera mpya walikuwa wale wale wa King's African Rifles, wakiwa na jina jipya la Tanganyika Rifles. Wakuu wao wengi walibaki kuwa Waingereza, na kamanda wao alikuwa Brigedia Sholto Douglas. Bendera ilibadilika, sauti iliyotoa amri chini yake haikubadilika. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, waliasi. Walidai mishahara bora na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Tarehe 25, kwa ombi la Serikali, wanamaji wa Uingereza waliwanyang'anya silaha. Serikali huru ililazimika kuwaita wale ambao bendera yao ilikuwa imeshushwa.

Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi. Tulizame jina hilo: la Wananchi. Kambi ya Colito ilikuwa imepewa jina la pigano la mwaka 1941 huko Ethiopia, ambamo askari wetu walipigania himaya ya mfalme wa Uingereza. Leo inaitwa Lugalo, kwa kumbukumbu ya mahali alipoangukia yule aliyekuja na mlingoti wake Pangani. Katika mwaka huo huo wa 1964 rangi ya buluu kutoka Zanzibar iliungana na rangi za Tanganyika katika bendera ya Muungano tuliyo nayo. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo bendera ilipoanza kweli kuwa yetu: si taa zilipowaka, bali tulipoanza kubadilisha kilichokuwa chini yake.

Sasa nirudi kwa yule mama wa ndizi. Taratibu za bendera zina hekima yake, na sipendekezi tuzitupe. Bendera hupandishwa kwa wepesi na kushushwa polepole, kama mtu anayekimbilia kazi asubuhi na kuiaga kwa staha jioni. Haiachwi iguse ardhi. Wakati wa msiba hupandishwa kwanza hadi juu kabisa, ndipo ishushwe nusu mlingoti, kwa sababu taifa linaanza kwa kusimama wima kabla ya kuinamisha kichwa. Hufunika jeneza la aliyelitumikia, kama ilivyofunika jeneza la Mwalimu Oktoba 1999. Kila hatua ina sababu, na sababu hizo zinafundishika.

Lakini utaratibu usiofundishwa sababu hubaki na fimbo peke yake. Askari aliyempigisha magoti mama yule hakuwa akilinda bendera ya mwaka 1964. Bila kujua, alikuwa akilinda ile ya boma. Na ofisi inayomwadhibu mpita njia jioni, huku ikipeperusha kitambaa kilichochanika na kupauka mwaka mzima, imelivunjia taifa heshima mara mbili.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, ombi langu ni dogo: kabla ya kumdai raia asimame, kagueni kamba, kitambaa na huduma inayotolewa chini ya mlingoti wenu. Kwa wanaharakati: msiidharau bendera kwa sababu ya wanaoitumia vibaya; idaini, kwa kuwa ni yenu. Kwa wanafunzi wangu: filimbi ikilia, simameni. Na mkiona mwenzenu ambaye hakuisikia, mwambieni kwa upole, "Mama, bendera yetu inashuka."

Neno la kubeba hapo ni "yetu". Jioni ile lilinikwama kooni.