Shtaka Lililomkosa Andrew Johnson

Septemba 8, 1787, mjini Philadelphia, waandishi wa Katiba ya Marekani walikuwa na sababu mbili tu za kumwondoa rais madarakani: uhaini na rushwa. George Mason wa Virginia akasema hazitoshi, akataka liongezwe kosa la uongozi mbovu. James Madison akakataa. Kosa pana namna hiyo, alisema, lingemfanya rais akae kitini kwa matakwa ya Seneti. Mason akabadilisha, akaandika jinai nyingine kubwa na makosa. Katiba haikufafanua makosa hayo ni yapi.

Rais wa kwanza kushtakiwa alikuwa Andrew Johnson, aliyeshika urais Abraham Lincoln alipouawa mwaka 1865. Mwaka 1866 aliipinga kwa kura ya turufu sheria ya haki za kiraia kwa waliotoka utumwani. Bunge likaipitisha hivyo hivyo. Mwaka huo huo, watu weusi wakauawa kikatili Memphis na New Orleans. Kuwatupa watu hao, kwangu mimi, ndilo kosa lake zito kuliko yote. Hakushtakiwa kwa hilo.

Wapinzani wake walitunga sheria, 1867, ya kumzuia rais kumfukuza waziri bila idhini ya Seneti. Februari 21, 1868, Johnson akamfukuza Waziri wa Vita, Edwin Stanton, naye akajifungia ofisini, akagoma kutoka. Siku tatu baadaye Baraza la Wawakilishi likamshtaki rais kwa kura 126 dhidi ya 47. Mashtaka yalikuwa 11, mengi yakihusu Stanton. La kumi lilihusu hotuba zake za kulikashifu Bunge.

Kesi ilipofika Seneti, mawakili wake walikuwa na hoja nzito: Stanton aliteuliwa na Lincoln, si Johnson, hivyo sheria ile haikumlinda. Maseneta 35 walimwona ana hatia, 19 wakakataa. Zilihitajika kura 36. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1887, na mwaka 1926 Mahakama ya Juu ikasema ilikiuka Katiba.

Waliomwachia walifanya sawa, ingawa urais wake uliwaumiza wanyonge. Huwezi kumtega mtu kwa kosa dogo kwa kuwa lile kubwa limekushinda kuliandika.

Nasi Watanzania tuisome ibara ya 46A ya Katiba yetu. Miongoni mwa sababu za kumwondoa Rais umo mwenendo wa kudhalilisha kiti chake, na hakuna Bunge letu lililowahi kuamua mwenendo huo ni upi.