Sufu au sufi?

Kijana wa Kamukuywa anayejifunza kufunga wadudu bandia wa kuvulia trauti wa Mlima Elgon aliniuliza: kwenye uzi asokote sufu au sufi? Alidhani ni neno moja lililokosewa tahajia. Sivyo. Sufu ni manyoya ya kondoo. Hunywa maji, mdudu akazama. Sufi hutoka kwenye tunda la msufi, ile ya kujazia mito (ya kulalia, si ya maji). Ina nta ya asili, haipenywi na maji. Zamani ilijazwa kwenye jaketi za kujiokolea. Mdudu wake huelea. Ila ni telezi, nyuzi zake fupi. Mwanagenzi aanze na sufu: pakaa uzi nta, chukua kiasi unachodhani kinatosha, upunguze nusu, ndipo usokote.